Mpira Niliouandika Upya

Mke wangu husema nina ugonjwa wa majina ya watu. Anamaanisha daftari langu gumu la jalada jeusi, lililokaa juu ya kabati tangu nikiwa kijana. Ndani yake nimekusanya sahihi: ya mkimbiaji niliyemkuta akila maandazi karibu na uwanja wa Embu, ya kipa aliyeniandikia kwenye karatasi ya mkate kwa kuwa sikuwa na kitu kingine, hata ya refa mmoja ambaye hajawahi kuombwa sahihi na mtu, akadhani nataka kumshtaki. Nilimweleza mama watoto mara nyingi kwamba hiyo ni akiba, kwamba sahihi ni kama mparachichi, unapanda leo na matunda unayasahau mpaka siku unayaona. Yeye alikuwa akiniuliza kama tutasonga ugali wa sahihi. Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na kiburi, na mtu mwenye kiburi hatafuti jibu.

Kazi yangu ni saiba hapa Nkubu. Ni chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda Embu, kompyuta tatu, mashine ya fotokopi, na ile ya laminesheni ambayo ndiyo hasa inatulisha. Watu wa kwetu hawaiamini karatasi mpaka iingie ndani ya plastiki. Cheti cha ubatizo, picha ya marehemu, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, vyote huletwa kwangu. Maandishi yakiwa yamefifia, mwenye karatasi huniambia, "Fundi, yafufue kwanza." Basi nachukua kalamu ya ncha nyembamba, nainama, napita juu ya herufi moja moja mpaka jina linarudi. Nina mkono mzuri sana. Acha niusifu mara ya mwisho, kwa sababu ni mkono huo huo ulioniingiza kwenye aibu ninayotaka kuisimulia.

Dada ya baba yangu ameolewa Siakago, kule chini kwenye joto na ndengu. Kwetu shangazi tunamwita tata. Mimi nilipewa jina la baba yake, kama desturi ilivyo, kwa hiyo tangu nizaliwe tata yangu huniita Baba. Mama mzima, mwenye mvi, ananiita mimi Baba, na nikimtembelea ananipa kiti kizuri na kuniuliza kama nimeshiba. Hakusoma. Pale panapotakiwa sahihi yeye huweka kidole gumba, halafu anakipangusa kwenye leso kwa hasira, kama aliyelazimishwa kushika tope.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Huyo alipofika umri wa sekondari aliletwa kwetu Kanyakine, shule zikiwa nyingi na maji yakiwa karibu, tukalala kitanda kimoja miaka minne. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Nyumbani aligombezwa, shuleni akachapwa, na hata mimi nilimcheka, kwa sababu kila alipoandika kiganja kilifuata kalamu na kuburuta wino, na daftari lake lilikuwa na madoa ukurasa hadi ukurasa. Mama yangu alikuwa akisema mtoto huyu anaandika na kufuta kwa wakati mmoja.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa hesabu kutoka ng'ambo, wa kujitolea, na mfuko mrefu wa magongo na glavu. Akaanza kufundisha besiboli kwenye uwanja ambao upande mmoja ulikuwa na mteremko na upande mwingine ng'ombe. Sisi tuliona ni wazimu. Wazee walisimama nje ya ua wakiuliza ni mchezo gani huu ambao mtu anapiga halafu anakimbia kama mwizi. Lakini mwalimu huyo alipomwona binamu yangu akirusha mpira kwa kushoto, alimwambia arushe tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mkono ule ukasifiwa. Akafanywa mrushaji wa timu. Walienda Embu kwenye mashindano ya shule, wakashinda, na jioni hiyo timu nzima pamoja na kocha wakaandika majina yao kwenye mpira wa mwisho na kumpa yeye. Alirudi nyumbani ameukumbatia. Nilimwambia ananuka jasho.

Hakufika mbali baada ya hapo. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni pikipiki aliyopanda ilipogongana na lori. Tulimzika Siakago kwa mama yake, pembeni ya shamba. Msalaba wa mbao ulipakwa rangi nyeupe, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mkono mzuri katika ukoo, niliambiwa niandike jina. Nililiandika kwa rangi nyeusi, herufi zilizosimama wima, zenye mikia midogo chini, kama ninavyoandika mpaka leo. Watu walisifu. Mazishini, na bado nilifurahi kusifiwa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka mingi imepita tangu msiba huo. Msimu mmoja wa ndengu nilishuka Siakago kumsaidia tata kupura, na tulipomaliza aliniomba nimtolee kiondo kilichokuwa juu ya kabati. Ndani, chini ya leso mbili, ulikuwa ule mpira. Ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, nyuzi nyekundu zimechakaa, na majina yamefifia hadi ukiyatazama jua likiwa nyuma yako ndipo unayaona. Tata hakuutoa ili anionyeshe. Alikuwa anatafuta kitambulisho chake. Lakini mimi macho yangu yalikwama pale.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba ng'ambo mpira mkuukuu wa besiboli wenye sahihi ya mtu maarufu unaweza kununua shamba na nyumba juu yake, na kwamba kila mwaka unaopita thamani inapanda. Na yule kocha, je? Nani alijua alikuwa nani kwao kabla ya kuja kufundisha hesabu? Palepale, nikiwa na maganda ya ndengu kichwani, nilishamfanya mchezaji mashuhuri aliyechoka na umaarufu akakimbilia huku kwetu Imenti. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaada wa mwingine.

"Tata," nikamwambia, "unajua umekalia mali?"

"Nimekalia kigoda," akanijibu.

Nikamweleza. Nikamwambia tanki la maji, nikamwambia mabati mapya, nikamwambia habari za kupanda kwa bei na wakusanyaji wa ng'ambo. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya jirani. Nilipoona hashtuki, nikaongeza chumvi. Nikasema, na maneno haya yananichoma hadi leo, "Sahihi ya mtu aliyekufa ndiyo ghali zaidi, Tata."

Nilikuwa namfikiria kocha. Wallahi nilikuwa namfikiria kocha, kwamba labda amekwisha kufa huko kwao.

Tata alinitazama kidogo. "Hiyo naijua, Baba," akasema.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo na kuomba chai. Mimi nikabadilisha njia. Nikamwambia wino unakwisha, kwamba miaka michache ijayo mpira utakuwa mweupe, hakuna jina hata moja. Hilo ndilo lililomgusa. Aliushika mpira, akauzungusha polepole, kidole gumba kikitafuta, hadi kikatulia mahali nyuzi mbili zinapokaribiana. Macho yake yalikuwa na ukungu tayari wakati huo, mtoto wa jicho alikuwa ameanza, kwa hiyo sijui aliona nini. Lakini alipajua. Palikuwa na jina la binamu yangu, limeinama kuelekea nyuma, na juu yake doa refu la wino ambalo kiganja chake kiliburuta.

"Hapa litapotea?" akauliza.

"Litapotea kabisa."

"Na wewe unaweza kulizuia?"

"Tata, hiyo ndiyo kazi yangu."

Alikaa nao mapajani mpaka kuku walipoanza kupanda kwenye mti wao. Asubuhi nilipokuwa nikiaga, alinipa mpira ukiwa umefungwa kwenye leso. Hakusema lolote kuhusu tanki wala mabati. Alisema, "Usiuoshe, Baba. Uulinde tu asipotee." Nikamwambia nitamrudishia kama ulivyo. Nilisema hivyo nikiwa na haraka, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshafika sokoni.

Siku hiyohiyo nilipofika Nkubu niliupiga picha upande wa kocha. Nikaweka picha kwenye kundi moja la wakusanyaji wa vitu vya michezo, watu wa nchi za mbali wanaojuana kwa lakabu tu. Mzee mmoja aliyeonekana mjuzi alijibu kwa upole. Alisema mpira ni wa kweli, umri wake unaonekana, lakini jina halisomeki vizuri, je, ninaweza kuleta picha iliyo wazi zaidi?

Wazi zaidi. Mimi, fundi wa kufufua, ninaambiwa nilete kilicho wazi zaidi.

Nilifunga mlango wa duka mchana, jambo ambalo sijawahi kufanya hata siku ya mafua. Nikaweka mpira juu ya kikombe ili usibiringike, nikavaa miwani, nikachagua kalamu ya wino usiofutika. Nikaanza na kocha. Wino ulikataa kushika kwa sababu ya mafuta ya mikono na vumbi la miaka, basi nikachukua pamba na spiriti, nikapangusa kidogo. Nilijiambia spiriti si maji, na kupangusa si kuosha. Ndivyo nilivyojiambia, mtu mzima mwenye watoto.

Nilifurahia kazi ile. Nisiseme uongo kwamba nilikuwa na wasiwasi. Majina yalirudi moja baada ya jingine, meusi, yamenyooka, na nilikuwa nikipiga mluzi. Nilipofika kwenye jina la binamu yangu nilisita, lakini siyo kwa huruma. Nilisita kwa sababu lilikuwa baya. Lile doa lilikuwa limefunika nusu ya herufi, na mwinamo wake ulinikera kama ulivyokuwa ukinikera tukiwa wanafunzi. Nikalipangusa doa likatoka lote. Kisha nikaliandika jina, na pale lilipoyumba nikalinyoosha. Nilikuwa nikimfanyia hisani.

Nilituma picha mpya jioni. Mzee yule alichelewa kujibu, na alipojibu upole ulikuwa umekwisha. Aliuliza nani amegusa mpira huu. Alisema jina lililopitiwa na kalamu nyingine halina tena aliyeliandika, kwamba hata ungekuwa wa bingwa wa mabingwa, sasa ni mpira mkuukuu uliochorwa. Mwishoni akaongeza kwamba wenzake wameulizana kuhusu huyo kocha na hakuna anayemjua, yaelekea alikuwa mwalimu tu. Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimesimama, nikausoma nikiwa nimekaa. Mwalimu wa hesabu alikuwa mwalimu wa hesabu, na mimi niliua kitu kwa ajili yake.

Ukitaka kumjua mtu mwenye haya, tazama simu yake inavyoita. Tata alikuwa akinibipu kila wiki, mara mbili, halafu anangoja nimpigie. Nilimpigia mara ya kwanza nikamwambia mpira uko kwa wataalamu. Mara ya pili nikamwambia wataalamu wana kazi nyingi. Mara ya tatu sikumpigia. Mke wangu aliuona mpira kwenye droo, akaushika, akaurudisha bila kunitania, na hapo nikajua jambo ni baya, maana yule mwanamke hukosi kutaniwa naye hata ukiwa na homa. Aliniambia niende Siakago nikaseme ukweli. Nikamjibu kwa ukali kwamba nitaenda mvua ikipungua. Mvua ikapungua, jua likaja, na mimi nikaendelea kulaminesha vyeti vya watu.

Kumbe tata naye alikuwa na safari yake. Hospitali ya hapa Nkubu ilitangaza kambi ya macho, akaletwa na mkwe wa jirani yake bila kuniambia. Alilala wodini, akapasuliwa jicho la kulia, na asubuhi iliyofuata walipomfungua bandeji alitoka moja kwa moja akauliza njia ya dukani kwangu. Nilikuwa nahudumia mama mmoja wa Kanyakine aliyetaka kadi za harusi. Niliinua kichwa nikamkuta tata mlangoni, kitambaa kipya kichwani, chupa ndogo ya dawa mkononi, akitazama huku na kule kama mtoto aliyeletwa mjini.

"Baba," akasema, "kumbe umeota mvi."

Nilicheka. Nilitoka nikamkumbatia, nikamletea kiti, nikaanza maneno mengi ya chai na maandazi na mbona hukuniambia. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba daktari alipomfungua, aliona kwanza dirisha, akaona muuguzi, akaona mikono yake mwenyewe ilivyozeeka, na akajiuliza ni kitu gani anataka kukiona kabla jicho halijachoka. Alisema miaka yote hii amekuwa akilishika jina la mwanawe kwa kidole. Sasa anataka kulitazama.

Niliwaza kumwambia bado uko kwa wataalamu. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Lakini mama wa kadi za harusi alikuwa akitutazama akitabasamu, na tata alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kama anayepokea mtoto, nikashindwa. Nikafungua droo.

Aliupokea. Hakutazama kwanza, alifanya kama alivyozoea: kidole gumba kikatembea, kikafika pale nyuzi mbili zinapokaribiana, kikatulia. Ndipo akauinua karibu na jicho lake jipya. Alitazama muda mrefu. Akakisogeza kidole, akatazama tena, akageuza mpira upande wa pili, akarudi palepale.

"Ule uchafu wake uko wapi?" akauliza.

"Tata, nilisafisha kidogo tu ili—"

"Ule wa mkono wake."

Aliendelea kutazama, na uso wake ukawa kama wa mtu anayejaribu kukumbuka alipomwona mgeni fulani. Kisha akakumbuka. Tata hajui kusoma hata herufi moja, lakini kuna jina moja amelitazama kila asubuhi akienda shambani, mwaka baada ya mwaka, kabla ukungu haujamjia.

"Hili ni lile la msalabani," akasema. "Huu ni mkono wako, Baba. Hapa sipo alipoandika yeye. Hapa umemzika tena."

Alisema polepole, bila kupandisha sauti, kwa Kimbeere, lugha ya kwa mumewe, na mama wa kadi alitazama chini ingawa sidhani alielewa yote. Nilitaka nipige magoti. Badala yake nilisimama nikishika meza na kusema nilidhani, nilitaka, nilikusudia. Nilijisikia nikisema na nikajichukia. Nilikuwa na maneno ya kuelezea wino, ngozi, spiriti, soko, lakini la kuomba radhi halikuwamo.

Akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa kuliko yote. "Ulipiga picha kabla hujaugusa?"

Nilipiga. Nikamtolea simu. Nikamwonyesha ile picha ya kwanza, nzuri, yenye mwanga, jina la kocha katikati kabisa. Upande wa mwanawe, binamu niliyelala naye kitanda kimoja miaka minne, sikuwahi kuupiga. Haukuwa na bei. Tata alitafuta kwa kidole kwenye kioo cha simu, akauliza, "Yeye yuko wapi hapa?" Nikamwonyesha ukingoni, pale mpira unapojipinda na kuishia: mkia wa herufi moja, na ncha ya doa.

Aliutazama ule mkia. Akauliza kama ninaweza kukitoa hicho kipande kwenye karatasi. Nikasema ndiyo. Nilikikuza kadiri mashine ilivyokubali, nikakichapa, nikakitia ndani ya plastiki, nikakata kingo vizuri na kuzipunguza pembe zisimchome. Kazi yote ilichukua dakika chache, na ndiyo kazi pekee ya maana niliyomfanyia tangu aniachie mpira. Kilipopoa nikampa. Aliinamisha kichwa akakitazama kwa jicho moja, na kiganja chake akakilaza juu ya lile doa.

Mpira aliuacha juu ya meza. Alifungua fundo la leso ambamo huweka fedha zake, akanitazama usoni kwa jicho lile lililofunguliwa asubuhi ileile, na akaniuliza kama mteja mwingine yeyote wa dukani.

"Ni pesa ngapi?"

Nilingoja aseme Baba. Hakusema.